Mwikali, Peleka Mwethya Marsabit

Mwikali mwanangu,

Najua wewe ni mjukuu na mimi ni susu, nyanya yako, lakini ni nani alikesha na wewe ulipougua surua? Basi ni mwanangu. Mama yako asikasirike, hayo mambo mimi na yeye tulishagawana.

Barua hii naisema kwa mdomo na simu inaandika, vile ulinionyesha. Ningeisema kwa Kikamba, lakini simu haikijui. Nilijaribu ikaandika takataka tupu, kama mtoto anayechora ukutani kwa makaa. Kwa hivyo ni Kiswahili chetu, kile tulichoongea tangu siku uliyoletwa Ndithini kutoka Mavoko, wewe ukiwa huna Kikamba hata cha kuomba maji, na mimi nikiwa na Kiswahili cha sokoni tu. Pale simu itakapokosea, soma kama kwamba uko jikoni unanisikia.

Sitakuambia ubebe sweta. Kila mtu aliyeingia hapa leo amekuambia habari ya upepo wa Marsabit, mpaka nikaona kama wewe ndiwe wa kwanza kwenda huko tangu dunia iumbwe. Ukisikia baridi utanunua sweta. Unaenda kuonyesha walimu wenzako vile somo la dini linaweza kuwekwa winguni, likafunguliwa na shule ambazo hata hazionani. Mtu wa kazi kama hiyo haambiwi achemshe maji ya kunywa. Nataka kukuachia yale ambayo hayauzwi dukani, na mengi niliyapata kwa kukosea.

Nianze na vile mimi nilifundishwa dini.

Katekista wetu alikuwa na kitabu kimoja kwa watu wote, na fimbo moja pia. Sisi ambao hatukuenda shule tulikaa chini tukasema nyuma yake. Swali, jibu. Swali, jibu. Nilishika yote. Niliimba majibu nikichota maji, nikayaimba nikichunga mbuzi, mbuzi wenyewe wangeweza kubatizwa. Siku ya kupimwa akaja padre mwenyewe, na alikuwa na haraka. Akauliza la kwanza, nikajibu vizuri. Halafu akaruka la pili. Mimi sikujua ameruka! Mimi nilikuwa nimeyashika majibu kwa foleni yake, moja nyuma ya lingine.

Akaniuliza, "Mungu yuko wapi?"

Nikajibu kwa sauti kubwa, "Ni mmoja tu, Padre!"

Akanitazama. "Yesu alizaliwa wapi?"

"Kila mahali, Padre!"

"Ni nani aliyemsaliti Yesu?"

"Bethlehemu!"

Wenzangu wakaanza kukohoa. Padre, maskini, akanipa nafasi moja zaidi. "Haya, binti. Mama yake Yesu ni nani?"

"Ni Yuda, Padre!"

Akafunga kitabu. Nilirudishwa mpaka Pasaka nyingine, na kwa mwaka mzima watu waliniita Mama Yuda. Sasa nacheka, lakini wakati huo nilifikiri mimi ni mjinga. Sikuwa mjinga. Nilikuwa nimepewa majibu bila kupewa maswali.

Ndiyo maana siku ile nilipokuletea maziwa shuleni nikasimama nje ya dirisha, nilikasirika. Ulikuwa mwalimu mpya, umeajiriwa na bodi ya shule, koti lako bado lina mikunjo ya duka. Kitabu kilikuwa kimoja, mikononi mwako, na darasa zima wameinamisha vichwa wanaandika safari za Paulo vile unavyozisoma. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Paulo alivunjikiwa na meli, akaumwa na nyoka, na watoto wanapiga miayo! Jioni nikakuambia, "Wewe unawafundisha vile katekista alinifundisha." Ulilia. Sikukuomba msamaha, na hata leo sikuombi, kwa sababu yalikuwa kweli. Lakini ningekungoja ule kwanza. Ukweli kwa mtu mwenye njaa ni kiboko tu. Hilo nimejifunza nikiwa mzee, wewe lichukue ukiwa kijana.

Baada ya hapo ukaniletea habari ya wingu.

Unakumbuka nilisema nini? Nilisema, "Mwikali, sisi watu wa Ndithini tunayajua mawingu. Yanakuja, yanatuchungulia, yanaenda kunyeshea wengine. Usiweke Neno la Mungu kwa kitu kama hicho." Ukacheka, ukachukua kijiti, ukanichorea kwenye mchanga. Ukasema si wingu la juu. Ni kompyuta kubwa kubwa za watu wengine, ziko mbali, zinakaa macho usiku na mchana. Ni kama ikumbi, ghala ya nafaka, lakini kila shule iko na ufunguo wake. Mwalimu anaweka somo ndani, mwingine analitoa, na likitolewa halipunguki.

"Ghala ambayo ukitoa gunia, gunia liko palepale?"

"Ndiyo, Susu."

"Hiyo si ghala. Hiyo ni ile mikate mitano na samaki wawili."

Hapo nilikubali nusu. Nusu ingine ilikubali siku uliyoniambia kwamba maswali yanachanganywa, kila mtoto anapata foleni yake kwenye tableti, hakuna anayeweza kushika majibu bila kuelewa. Aiya! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikasema, laiti hiyo tableti ingekuwa mkononi mwa padre, ningebatizwa nikijua ninabatizwa kwa nini. Ukanionyesha pia ramani ya Paulo, mtoto anagusa mji na anasikia yaliyotokea hapo. Ukanionyesha vile mwalimu anaona jioni ileile ni nani hakuelewa mfano wa mpanzi, ili kesho aanze na huyo. Na masomo yanashushwa asubuhi pale ofisini penye mtandao, halafu darasani yanafunguka hata mtandao ukienda zake, na kwetu huwa unaenda.

Lakini walimu wa zile shule tatu za jirani, ulizotaka mshirikiane masomo, walikukatalia. Ulikuja nyumbani umenuna. Kila mmoja alikuwa ameficha maandishi yake kama mbegu ya ukame. "Nitoe jasho langu, mwingine avune?" Mmoja alikuambia hivyo usoni.

Hapo ndipo nilikuambia habari ya mwethya, na nakuambia tena kwa sababu Marsabit utauhitaji kuliko simu. Shamba likikushinda unaita mwethya, majirani wanakuja na majembe, mnalima lako leo, la mwingine kesho. Hiyo kila Mkamba anajua. Lakini iko na sheria mbili ambazo watu husahau. Ya kwanza, anayeita ndiye anapika, na anapika kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini. Huwezi kuita watu halafu ukae kungojea wakuletee. Ya pili, ukiitwa unaenda, hata kama aliyekuita mmegombana. Ugomvi unauacha nyumbani, utaukuta.

Ukaelewa mara moja. Ukaacha kuwaomba. Ukapika kwanza. Ukaweka winguni masomo yako yote mazuri, yale uliyoyatolea jasho, ukawapa funguo bure. Wakaonja. Baada ya mwezi hivi, yule aliyekukatalia usoni akaweka somo la nabii Amosi, na lilikuwa zuri mpaka ukanisomea jikoni sufuria ikaungua. Ndivyo watu hufunguka, mwanangu. Hawafunguliwi kwa hotuba, hufunguliwa kwa harufu ya chakula.

Sasa tufike kwa jirani yetu Syombua, kwa maana nikiruka hapo utasema susu ameogopa.

Uliniomba nirekodi somo la umoja wa waumini, nieleze mwethya, ili Kidato cha Tatu waulinganishe na Wakristo wa kwanza waliokuwa na vitu vyote pamoja. Niliongea vizuri. Nilijisikia kama askofu. Nilipomaliza wewe ulitoka kuanua nguo, na mimi nikaona kioo cha simu kimekuwa cheusi. Nikajua imelala. Kumbe simu hulala jicho moja wazi! Syombua akapita kwa njia, jembe begani. Nami nikakuita kwa dirisha, ati nikuchekeshe: "Mwikali, unamwona huyo? Huyo ndiye wa mwethya! Jembe lake fupi, kijiko chake kirefu. Anafika wa mwisho shambani na wa kwanza kwenye sufuria!" Hukunisikia. Simu ilinisikia. Wewe ulisikiliza mwanzo ukaona ni sawa, na mtandao ulipokuja kitu kikapanda chenyewe mpaka winguni.

Shule nne zilisikia. Mutuku, mjukuu wa Syombua, alisikia akiwa darasani, katikati ya wenzake. Kufikia Jumapili, Syombua akipita nje ya kanisa watoto wanasema, "Kijiko! Kijiko!" Mwanamke wa miaka kama yangu, aliyezika mume na mtoto, anaitwa kijiko.

Ulikuja mbio, jasho linakutoka. "Susu, nifute?" Nikasema futa. Ukagusa hapa, ukagusa pale, na kwa dakika hiyo hiyo ikafutika shule zote. Nikashangaa. Nikafikiri imekwisha. Haikuwa imekwisha. Wingu ukiliambia lisahau, linasahau. Watu huwezi kuwagusa hapa na pale wakasahau.

Na mwenyekiti wa bodi akaita mkutano wa wazazi. Hapo ndipo roho yako ilishuka. Ulijua wakifunga masomo, kazi yako imekwenda, na watoto wa Kidato cha Nne wanarudi kwa kitabu kimoja na mtihani uko mlangoni. Ukaniambia, "Susu, tumemaliza." Nikakuambia nyamaza, uende ulale. Nilikuwa mkali kwa sababu nilikuwa na hofu. Jua hilo pia: mara nyingi ukali wangu ulikuwa hofu iliyovaa viatu vya mtu mwingine.

Hukujua nilienda wapi kesho yake, ulisikia tu baadaye kwa watu. Nilienda kwa Syombua na jembe. Sikubeba maneno, maneno ndiyo yalikuwa yameharibu. Nikaingia kwa mbaazi zake zilizojaa magugu nikaanza kupalilia mstari wa kwanza. Akatoka na leso kichwani.

"Nduku. Umekuja kunichimbia kaburi?"

"Nimekuja kulima."

"Nimeita mwethya mimi?"

"Hujaita."

"Basi toka."

Nikaendelea. Akasimama. Nilisikia akipumua kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi. Halafu akasema, "Na kijiko umekuja nacho, ama nikuazime changu, kwa vile ni kirefu?"

Mwikali, nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na yeye akacheka, na baada ya kucheka akalia, na mimi nikalia huko kwenye mbaazi, wanawake wazima. Nikamwambia, "Nilikosea, Syombua. Nilikutukana bila sababu." Akasema, "Sababu ulikuwa nayo. Mgongo huu ndio hunichelewesha, na sikutaka mtu ajue. Jembe ni fupi kwa sababu refu linaniumiza." Miaka yote tulilima naye na sikuwahi kuuliza. Nilikuwa na jibu lake tangu zamani, na swali sikuwahi kumwuliza.

Akaenda akaleta jembe lake fupi. Tulipomaliza, akasema, "Sasa hiyo simu yenu. Nilitukanwa huko, nitajibu hukohuko."

Hiyo sauti yake unaijua, ni wewe ulimrekodi. Alieleza habari ya mgongo, habari ya mbaazi, akaeleza vile adui yake alikuja kulima bila kuitwa. Akamaliza hivi: "Na nyinyi watoto mnaoniita kijiko, shamba langu la chini halijapaliliwa, mnajua njia." Ukaiweka winguni chini ya somo la msamaha. Na Jumamosi wakaenda! Wengine walikuja kutoka shule ya pili, wakiuliza njia.

Lakini bodi haikuwa imesikia hayo. Siku ya mkutano viti vilipangwa nje, jua kali, mwenyekiti akasimama. "Wazazi, somo la dini linafundishwa kwa Biblia na chaki. Sisi tumeletewa mawingu, na mawingu yametunyeshea matusi!" Watu wakapiga makofi. Mmoja akapaza sauti huko nyuma, "Funga hiyo kitu!" Wewe ulisimama, sauti ikakukatika. Mimi nikainuka kukutetea, na ningeharibu, nakuambia ukweli, ningemaliza kazi yote kwa mdomo huu. Syombua akanivuta kwa leso nikakaa. Akasimama yeye.

"Mwenyekiti, aliyetukanwa ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Nilikutuma unililie?"

Mwenyekiti akaanza kupekua karatasi zake.

"Nilitukanwa mbele ya shule nne. Nimejibu mbele ya shule nne. Jibu langu liko huko winguni, watoto wanalisikiliza. Mkifunga leo, tusi linabaki midomoni mwenu na jibu langu linafungiwa. Basi niambieni, ni nani anataka nimfuate nyumbani kwake, mmoja mmoja, nimpe jibu kwa mdomo?"

Aiya, watu walicheka! Mwenyekiti akaona mkutano unamponyoka, akasema, "Haya, nileteeni hiyo tableti niione mimi mwenyewe." Ukampa. Akavaa miwani. Akajibu swali la kwanza la mfano wa mwana mpotevu, na tableti ikamwambia kwa sauti, mbele ya watu wote, "Jaribu tena."

"Hii kitu haina adabu," akasema. Akajaribu tena. Ikamwambia tena. Mke wake akampigia kelele kutoka safu ya tatu, "Baba Mwende, ni yule kaka mkubwa, kaka mkubwa ndiye alikataa kuingia ndani!" Akabonyeza. Ikampongeza. Uliona uso wake? Kama mtu aliyepewa ng'ombe. Akaenda la pili, la tatu, akasahau tuko kwa mkutano, mpaka mwalimu mkuu akamgusa bega. Akainua macho akasema, "Iendelee. Lakini nyanya aonyeshwe vile simu inazimwa."

Iliendelea. Ulirudi nyumbani siku hiyo ukiimba njia yote. Na matokeo ya Kidato cha Nne yalipotoka yakiwa mazuri, mwalimu mkuu alikuja mpaka hapa nyumbani kwa miguu, suruali imejaa vumbi, akanishika mikono akaitikisa kama pampu ya kisima. Ni baada ya hapo ile barua ya Marsabit ilikuja. Wako na shule zilizo mbali kuliko zetu, mwalimu wa dini mmoja kwa madarasa yote, kitabu kimoja, watoto wanaandika bila kuinua macho. Wamesikia. Wanakuita wewe.

Basi ndiyo haya nakupa. Ukifika, pika kwanza. Usiwaambie wamechelewa, wao wanajua. Watakaokukataa usoni ndio uwaweke karibu, maana walau umeona uso wao. Ukikosea mbele za watu, na utakosea, usikimbilie kufuta ukafikiri umemaliza. Chukua jembe. Sijui huko jembe lao ni nini, pengine ni ngamia, pengine ni kuteka maji kisimani, wewe uliza. Na uwatafute nyanya wa huko. Kila mahali yuko mmoja mwenye mdomo na hekima ndani ya mfuko mmoja. Somo lako litakuwa na mifupa ya Biblia, lakini nyama ya mwethya wa kwao ni yeye atakupa.

Najua ulitaka kukataa kwa sababu yangu. Nilikusikia ukimwambia mama yako kwenye simu, "Nani atakaa na Susu?" Mwikali, niliishi kabla yako. Nilizaa, nikazika, nikajenga, wewe ukiwa bado huna hata jina. Usinifanye sababu ya watoto wa Marsabit kumtafuta mama yake Yesu wakampata Yuda.

Kesho nitakusindikiza mpaka barabarani na sitalia. Nikilia, ni vumbi. Halafu sitarudi nyumbani. Mwalimu mpya atakayeshika darasa lako alikuja leo ukiwa unaaga watu kanisani. Anasema Kidato cha Tatu wamechoka kunisikia kwa tableti tu, kwa lile somo la mwethya nililorekodi upya bila matusi, wako na maswali, na wanataka niwajibu wakiniona. Atawasha kamera, zile shule zingine tatu zitafuata palepale kupitia wingu lako, na Syombua atakaa kando yangu kunivuta leso mdomo ukizidi. Nimeshapiga pasi rinda la bluu.

Ukipata mtandao huko njiani, fungua uone. Maisha yangu yote sijawahi kukaa kwa dawati. Kesho, wewe ukielekea Marsabit, mimi ninaingia darasani kwa mara ya kwanza, na ninaingia kwa mlango wa mwalimu.

Susu wako,
Nduku